Jinsi ya kuchagua chumba chenye utulivu katika mitaa ya burudani, Mombasa bara

WAGENI wanaovuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hukuta upande wa bara usiolala mapema. Kuanzia Nyali hadi Shanzu, majumba ya kamari, vilabu vya usiku, mikahawa na baa za ufuoni zimepakana na hoteli, gesti na nyumba za kukodisha. Mtu anaweza kuondoka kwenye meza ya kamari na kufika kitandani mwake kwa miguu.

Urahisi huo ndio unaowavutia wengi. Lakini kwa dereva anayetarajiwa kuendesha gari karibu kilomita 480 kurudi Nairobi kesho yake, kwa mama aliyesafiri na mtoto mchanga, au kwa familia iliyoweka akiba mwaka mzima ili ipumzike siku tatu ufuoni, usiku mmoja bila usingizi ni hasara. Kwa dereva, ni hatari pia kwa wengine watakaokutana naye barabarani.

Wengi hudhani kwamba utulivu hununuliwa kwa bei, na kwamba hoteli yenye nyota nyingi ndiyo yenye usingizi mzuri. Sivyo. Kelele haifuati nyota; hufuata mahali, upepo, ukuta na saa. Katika jengo moja, kwa bei ileile, mgeni wa chumba kimoja huamka ameburudika na wa chumba cha pili huamka ana macho mekundu. Kwa hiyo anayetafuta usingizi hachagui hoteli peke yake, bali huchagua chumba.

Kelele za aina tatu

Kosa la kwanza ni kuziweka kelele zote katika kapu moja. Jumba la kamari lenyewe kwa kawaida halipigi kelele nyingi nje. Limefungwa kwa kuta na vioo, lina viyoyozi, na wachezaji wake huketi. Kelele yake iko langoni: milango ya magari ikifungwa, honi za teksi na tuktuk, bodaboda zikinguruma, walinzi wakielekeza magari na wateja wakiagana kwa sauti kubwa. Majumba mengi ya aina hiyo hufanya kazi hadi alfajiri, hivyo kelele hizo huja kwa vipindi, wakati mtaa wenyewe umenyamaza. Kelele ya ghafla katika kimya humwamsha mtu kuliko mvumo usiobadilika.

Klabu ya usiku ni jambo jingine. Tatizo lake kubwa ni besi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na kioo, lakini mdundo mzito hupita kwenye ukuta, sakafu na kitanda. Mgeni anaweza asisikie neno hata moja la wimbo, ila akahisi mdundo wake kifuani hadi saa tisa usiku.

Aina ya tatu ni baa ya makuti. Paa la makuti huzuia jua na mvua, lakini halizuii sauti, na mara nyingi baa kama hizo hazina kuta. Spika mbili ndogo chini ya makuti zinaweza kumsumbua mgeni kuliko klabu kubwa iliyojengwa kwa zege. Anayechunguza mtaa kabla ya kukodi chumba anapaswa kutazama kama muziki unapigwa ndani ya kuta au peupe, kabla hata ya kuuliza kama ni baa au klabu.

Kuna pia kelele ambazo hoteli hujitengenezea yenyewe: jenereta, pampu ya maji, lifti, jikoni, chumba cha kufulia nguo, na harusi au mikutano katika bustani. Hizo hazionekani kwenye picha za matangazo.

Jinsi sauti inavyosafiri

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni takriban desibeli 30 na mazungumzo ya kawaida ni takriban 60. Kila ongezeko la desibeli 10 husikika kana kwamba kelele imeongezeka maradufu. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi wastani wa desibeli 30 usiku, na kwamba kelele ya ghafla isizidi 45.

Katika uwanja wazi, kila umbali kutoka kwa spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli sita. Muziki unaopimwa desibeli 95 mita 10 kutoka kwa spika utakuwa bado na desibeli 75 ukifika mita 100, na 65 hivi ukifika mita 300. Dirisha lililo wazi hupunguza desibeli 10 hadi 15 tu. Dirisha la kioo kimoja lililofungwa vizuri hupunguza takriban 25. Kwa hesabu hiyo, mgeni aliye mita 300 kutoka kwa spika za peupe, dirisha likiwa wazi, hulala katika kelele ya desibeli 50 na zaidi. Maneno 'hatuko karibu na klabu' hayatoshi.

Safu moja ya minazi kati ya chumba na baa hupendeza macho, ila haipunguzi kelele kwa kiwango cha kutegemewa. Kinachosaidia ni jengo jingine au ukuta mrefu unaomzuia mtu kuziona spika. Kanuni rahisi ni hii: ukiweza kuiona baa kutoka dirishani, utaisikia.

Upepo nao una kauli yake. Wavuvi wa pwani huujua mwaka kwa kusi na kaskazi, na anayetafuta usingizi anaweza kutumia elimu hiyohiyo. Kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Sauti inayosafiri na upepo hufika mbali kuliko inayoukabili. Kwa hiyo baa iliyo kusini mwa hoteli husumbua zaidi wakati wa kusi, na iliyo kaskazini husumbua zaidi wakati wa kaskazi. Chumba kilichosifiwa na rafiki aliyelala humo Julai kinaweza kuwa kingine kabisa Januari.

Usiku pia hubadilisha mambo. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa haraka kuliko iliyo juu yake, na sauti ambayo mchana ingepotea angani hupinda na kurudi chini. Katika usiku usio na upepo mkali, hewa huweza kuvuma polepole kutoka nchi kavu kuelekea baharini, na kubeba ngurumo za malori hadi vyumba vya ufuoni. Ndiyo sababu mgeni aliyekagua chumba saa nane mchana na kukiona kimya hushangaa usiku.

Bahari yenyewe ni rafiki. Mvumo wa mawimbi haubadiliki ghafla, na hufunika kelele ndogondogo za mbali. Chumba kinachotazama bahari hunufaika zaidi maji yakijaa, na hasa wakati wa kusi ambapo mawimbi huwa makubwa. Maji yakitoka, mawimbi huvunjika mbali kwenye mwamba na kinga hiyo hupungua.

Mitaa na tabia zake

Upande wa bara si mtaa mmoja. Eneobunge la Nyali lilitengwa na Kisauni, na lile la Jomvu likatengwa na Changamwe, kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, lakini wakazi wengi bado huita eneo lote la kaskazini Kisauni na lile la magharibi Changamwe.

Kaskazini ndiko kwenye burudani nyingi. Nyali ina mitaa ya makazi yenye nyua kubwa na miti, lakini kandokando ya Barabara ya Links na karibu na maduka makubwa, magari huingia na kutoka hadi usiku wa manane. Tofauti kati ya barabara kuu na kichochoro cha pili nyuma yake ni kubwa. Gesti zilizo ndani ya makazi, zikitenganishwa na barabara kwa safu mbili za nyumba, mara nyingi huwa na utulivu kuliko hoteli kubwa iliyo barabarani.

Kongowea ina soko kubwa la jumla la mboga na matunda. Malori huleta bidhaa usiku na biashara huanza kabla ya jua kuchomoza. Mgeni anayelala karibu na soko atamaliza kelele za muziki na kupokea za upakuaji. Kutoka hapo, barabara ya Malindi hupita Bombolulu na Bamburi hadi Shanzu, ikiwa na matatu, malori na bodaboda. Hoteli za ufuoni Bamburi na Shanzu hazigusani na barabara hiyo, na hapo zina faida. Lakini ufuo una kelele zake: baa za mchangani, na umati wa wikendi katika Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, unaojulikana zaidi kwa jina la Pirates.

Ng'ambo ya Daraja la Mtwapa ni Kaunti ya Kilifi. Mji wa Mtwapa una sifa ya kutolala, na wengi wanaokwenda huko kustarehe hulala Shanzu ambako ni karibu. Anayelala Shanzu kwa ajili ya utulivu aulize basi kama wageni wengine wa hoteli hurejea alfajiri kutoka Mtwapa, kwani korido yenye makundi yanayorejea saa kumi za usiku haina tofauti na barabara.

Likoni, upande wa kusini, ina burudani chache kuliko Nyali, na kelele yake kubwa ni usafiri. Feri huvuka usiku na mchana, na stendi iliyo karibu nayo ina matatu na makanga wanaoita abiria wa Ukunda na Lungalunga. Ving'ora vya meli zinazoingia bandari ya Kilindini husikika pia. Aliye na safari ya alfajiri hunufaika kulala karibu na feri, lakini asitarajie kimya. Kuelekea Shelly Beach, mbali na stendi, mambo hutulia haraka.

Changamwe ni mlango wa Mombasa kwa anayetoka bara. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko Port Reitz, na kituo cha reli ya SGR kilichofunguliwa mwaka 2017 kiko Miritini. Gesti za huku hupokea madereva wa malori, wafanyabiashara na abiria wa ndege za asubuhi. Kelele kuu ni injini za malori ya kontena na breki zake za upepo. Dereva wa lori huamka mapema na huwasha injini muda mrefu kabla ya kuondoka. Kwa hiyo chumba kinachotazama uwanja wa kuegesha ndicho cha kuepukwa kwanza, hata kama hakuna baa karibu.

Misikiti na makanisa ni sehemu ya maisha ya mitaa yote hii. Adhana ya alfajiri husikika kabla ya mapambazuko, na makanisa mengi hufanya kesha, hasa usiku wa kuamkia Jumamosi. Mgeni asichukulie ibada za wenyeji kuwa kero. Ajue tu zilipo, na achague chumba kwa kuzingatia saa zake za kuamka.

Chumba kilipo ndani ya jengo

Baada ya mtaa kuchaguliwa, jengo husomwa kama ramani. Chumba cha nyuma, kisichotazama barabara, huwa na kelele ndogo kuliko cha mbele, kwa kuwa jengo lenyewe limekuwa ukuta wake. Lakini nyuma mara nyingi ndiko kuliko jenereta, jikoni na mitungi ya gesi inayobadilishwa asubuhi. Ni lazima kuuliza vyote viwili.

Ghorofa ya chini iko karibu na mapokezi, bwawa la kuogelea na watu wanaopita. Ghorofa ya juu kabisa huepuka sauti za miguu kutoka juu, lakini hukosa kinga ya ukuta wa ua, na huweza kutazamana moja kwa moja na spika zilizo chini ya makuti jirani. Tena, hoteli nyingi huweka baa ya paani juu ya ghorofa hiyo. Kwa jumla, ghorofa za katikati, upande usiotazama burudani, mwishoni mwa korido na mbali na lifti na ngazi, ndizo salama zaidi. Chumba kilicho mwisho wa korido hakipitiwi na watu.

Vifaa vya ujenzi huhesabika. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama zilivyo katika majengo ya zamani ya pwani, huzuia sauti vizuri kuliko kuta nyembamba za mbao au plasta zilizogawanya chumba kikubwa kuwa viwili. Mgeni agonge ukuta wa kando kwa kidole: ukitoa sauti ya uwazi, atawasikia jirani zake. Atazame pia uwazi chini ya mlango. Penye kupita mwanga hupita sauti.

Umeme, joto na dirisha

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya nchi za baridi unapoponyoka. Huko, mgeni huambiwa afunge dirisha na alale. Mombasa, dirisha likifungwa bila kiyoyozi, chumba hugeuka tanuri. Utulivu wa chumba cha pwani hutegemea umeme.

Madirisha mengi ya gesti ni ya vipande vya vioo vinavyopangana. Hupitisha hewa vizuri, lakini hata yakifungwa huacha nafasi, na sauti hupenya. Mwenye chumba cha aina hiyo ahesabu kwamba dirisha lake liko wazi usiku kucha. Chumba chenye kiyoyozi na dirisha la kioo kizima ni bora, ila swali linabaki: umeme ukikatika, jenereta huendesha kiyoyozi au taa pekee? Mahali pengi huendesha taa. Kiyoyozi kikizimika, dirisha litafunguliwa, na kelele zote zilizozuiwa zitaingia, pamoja na ya jenereta yenyewe.

Feni ya dari ina manufaa mawili. Huleta upepo, na mvumo wake hufunika kelele ndogo. Kiyoyozi kipya hufanya vivyo hivyo, ilhali kikuukuu kinachotetema huwa ni kelele nyingine. Mgeni akiwashe kabla ya kulipa, na asikilize pia mashine za nje za vyumba vya jirani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Swali 'Je, chumba ni kimya?' hujibiwa 'ndiyo' kila mahali. Maswali yenye jibu la wazi husaidia zaidi:

1. Muziki wa karibu unapigwa wapi, na huzimwa saa ngapi Ijumaa na Jumamosi?

2. Dirisha la chumba hiki linatazama nini: barabara, bwawa, uwanja wa magari au ukuta?

3. Jenereta na pampu ya maji viko wapi, na huwashwa lini?

4. Umeme ukikatika, kiyoyozi huendelea kufanya kazi?

5. Kuna harusi, mkutano au kundi la wageni walioandikishwa siku hizo?

6. Kuna ujenzi unaoendelea hotelini au jirani?

7. Usiku wa kwanza ukiwa na kelele, mgeni anaweza kuhamishiwa chumba kingine bila malipo ya ziada?

Anayepiga simu awe mwangalifu na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida nchini Kenya, hoteli ni mahali pa kula. Bango lenye neno hilo kando ya barabara huenda halina kitanda hata kimoja, na mahali panapoitwa gesti au lojing'i huenda pana baa chini yake. Ni vyema kuuliza moja kwa moja kama kuna baa ndani ya jengo hilo.

Anayeweza kufika mwenyewe akague chumba baada ya saa tatu usiku, si mchana. Afunge mlango na dirisha, azime kiyoyozi na feni, asimame kimya dakika mbili. Kisha alipie usiku mmoja tu. Mwenye kulipia siku saba mbele hana tena nguvu ya kuomba kuhamishwa.

Jambo moja lisisahauliwe katika kutafuta kimya. Kichochoro chenye giza, kisicho na mlinzi wala njia ya gari, hakifai hata kama kina utulivu wa makaburini. Mgeni anayerejea usiku anahitaji lango lenye taa na mlinzi. Mahali pazuri ni hatua chache kutoka barabara yenye mwanga, si ndani kabisa ya giza.

Kalenda ya kelele

Chumba kilekile hubadilika kwa siku. Jumatatu hadi Alhamisi huwa na nafuu. Ijumaa na Jumamosi ndizo kilele, na wikendi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imelipwa, hupita nyingine zote. Desemba, Pasaka, Idd na likizo za shule za Aprili na Agosti hujaza hoteli za ufuoni. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe atapata utulivu zaidi, na mara nyingi bei nafuu, akija Mei au Juni, ingawa Mei huwa na mvua nyingi.

Saa nazo zina mpango. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Vilabu vya usiku viliruhusiwa kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, leseni za vileo ziliingia mikononi mwa kaunti. Mgeni mwenye busara hupanga kwa saa ambazo muziki huzimwa hasa, si zile zilizoandikwa.

Wanaolala mchana

Wapo ambao usiku ndio saa yao ya kazi: wahudumu wa majumba ya kamari, wapishi, walinzi, wanamuziki, wafanyakazi wa bandari na wa uwanja wa ndege. Wengi wao hukodi vyumba vya kila mwezi Kisauni, Mshomoroni, Bombolulu na Changamwe. Kwao, ushauri hugeuka juu chini. Jirani wa klabu hana shida, maana klabu hulala mchana. Adui ni shule, karakana za uchomeleaji, maduka yenye spika mlangoni na makanga wa matatu. Dirisha lao lielekee mbali na jua la asubuhi na mbali na stendi, na pazia liwe zito. Mtu anayelala saa nne mchana baada ya zamu ana haki ileile ya usingizi aliyo nayo mtalii.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele, na pia wa burudani za umma, vikiwemo kamari na majumba yake na leseni za vileo. Kwa hiyo anayetoa leseni ya klabu na anayepaswa kuzuia kelele zake wako chini ya serikali moja ya kaunti.

Kanuni za kelele zilizotangazwa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999 ziliweka viwango kwa maeneo mbalimbali. Katika makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, kiwango cha juu kiliwekwa desibeli 55 mchana na 35 usiku. Hata maeneo ya biashara, yaliyoruhusiwa desibeli 60 mchana, yaliwekewa 35 usiku. Usiku ulihesabiwa kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni juu kidogo ya mnong'ono. Yeyote aliyelala karibu na spika za peupe anajua umbali uliopo kati ya karatasi na dirisha lake.

Kamari kwa upande wake ilisimamiwa kwa sheria ya mwaka 1966 kwa miongo mingi, hadi Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025 ilipopitishwa.

Kelele ikishaingia

Mgeni aliyeshtuliwa na kelele saa saba usiku aanze na mapokezi, kwa upole na kwa jambo mahususi: aombe chumba cha upande mwingine, na ataje sababu. Wahudumu wa zamu ya usiku huwa wanavijua vyumba vyenye utulivu kuliko yeyote, kwa kuwa ndio wanaopokea malalamiko. Aandike saa na chanzo cha kelele, kwani malalamiko yenye saa husikizwa kuliko ya jumla. Kelele ikitoka nje ya hoteli, malalamiko hupelekwa kwa kituo cha polisi, idara ya mazingira ya kaunti, au Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mgeni wa siku mbili huenda asione matokeo, lakini mkazi wa mtaa huo atayaona.

Kwa usiku huohuo, vizibo vya masikio vinavyouzwa katika maduka ya dawa husaidia kwa sauti za watu na magari, ingawa havizuii besi vizuri. Kitanda kikisogezwa kutoka kwenye ukuta unaotikisika, mdundo hupungua. Dereva aliyekosa usingizi kabisa aahirishe safari kwa saa chache na alale mchana, mtaa wa burudani unapokuwa kimya. Gharama ya nusu siku ya ziada ni ndogo kuliko ya kusinzia akiwa kwenye usukani kati ya Mariakani na Voi.